Dizeli Inanikohoza, Umeme Unanidai Maji

Foklifti yetu ya dizeli imefika umri wa kupewa shikamoo. Asubuhi haiwaki kwa ufunguo peke yake. Inataka ibembelezwe, isubiriwe, itukanwe kidogo, ndipo itikisike na kutoa moshi mweusi wa kutangulia, kisha wa bluu wa kufuatia, halafu mabati yote ya godauni yaitikie. Mimi ndiye mtunza ghala. Meza yangu iko ndani, karibu na mlango wa kupakulia, kwa hiyo moshi huo kabla haujaenda kuichafua Vingunguti lazima upite kwanza kifuani kwangu. Jioni nikipenga kamasi, kitambaa kinatoka na rangi ya wino wa mhuri. Mashati meupe nimeyapa talaka zamani. Navaa kijivu, rangi isiyotangaza siri za mtu.

Basi Bosi akatangaza kwamba tunanunua foklifti mpya, na kwamba safari hii hatukurupuki. Ikaundwa kamati ya kuchagua: ya umeme au ya injini. Wajumbe ni Mama Uhasibu, Injinia, kijana wa mauzo, dereva wa foklifti, na mtoto wa dada yake Bosi aliyesoma China, ambaye hakosi kikao chochote, hata kile cha kuchagua vigae vya choo. Mimi ninayeshinda na mashine hiyo tangu geti linapofunguliwa hadi linapofungwa, niliitwa nilete idadi ya mapaleti tunayopakua kwa siku. Na chai.

Nikaleta idadi, nikaleta chai, nikakaa. Nani angenitoa, na birika lilikuwa mkononi mwangu?

Mama Uhasibu alifungua kwa kikokotoo. Akasema foklifti ya dizeli ya kubeba tani mbili na nusu, ikifanya kazi kweli kweli, inakunywa lita mbili na nusu hadi tatu kwa saa. Bei ya lita yeye anaijua kuliko sisi sote. Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, EWURA wakishatangaza bei kikomo, huwa hasemeshwi hadi saa nne. Ya umeme ya uwezo huo huo inakula uniti kama sita hadi nane kwa saa, ukijumlisha na zile zinazopotelea kwenye chaja. Akazidisha, akakigeuza kikokotoo tukione: gharama ya umeme inakuja karibu theluthi moja ya gharama ya dizeli. Na hapo, akasema, hajagusa oili ya injini, filta, nozeli, mikanda na rejeta, vitu ambavyo foklifti ya umeme haina hata mahali pa kuviweka.

Dereva akakohoa. Kikohozi cha moshi nakifahamu, ninaishi nacho. Hiki hakikuwa cha moshi.

"Umeme, Mama, si wa kuamini," akasema, macho yakiwa kwenye sahani ya maandazi.

Dizeli ina sifa moja ambayo watengenezaji hawaiandiki kwenye vipeperushi vyao: inachoteka. Inaingia kwenye tangi kwa risiti, inatoka kwa mpira na dumu. Simtuhumu mtu, nina watoto wanasoma. Nasema tu kwamba kwa mujibu wa daftari langu, kuna miezi mashine hii isiyovuka geti inakunywa kuliko lori la Tunduma. Umeme, hata uwe na mkono mwepesi namna gani, huwezi kuutia kwenye dumu ukaupeleka Buguruni. Hoja hiyo haikuandikwa kwenye muhtasari wa kikao, lakini ndiyo iliyokuwa inatembea chini ya meza muda wote.

Bosi yeye alikuwa na wasiwasi wa aina nyingine. Alisema haya mambo ya umeme ni ya majuzi, na yeye si mtu wa kufanyiwa majaribio. Mtoto wa dada akatoa simu, akasoma, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akasema jambo la maana. Huko Altoona, Pennsylvania, kampuni ya reli ilikuwa na vigari vya betri vya kubebea mizigo ya abiria tangu mwaka 1906. Ya injini ilisubiri hadi mwaka 1917, pale kiwanda cha Clark cha Buchanan, Michigan, kilichokuwa kinatengeneza ekseli, kilipojiundia kigari cha kusogezea vitu humo humo ndani. Wageni waliofika kununua ekseli wakakiona kigari, wakakitaka nacho. Zote hizo zilikuwa hazijajua kuinua mzigo juu, uma na mlingoti vilikuja baadaye, lakini betri ndiyo iliyotangulia. Kwa hiyo ugomvi wa kamati yetu una zaidi ya miaka 100 na bado haujapata mzee wa kuusuluhisha. Bosi alisikiliza, akasema, "Hao walikuwa na reli," na hoja ikaishia hapo.

Lakini si kwamba hatujawahi kuwa na foklifti ya umeme. Tunayo. Ipo kona ya nyuma chini ya turubai, na juu ya turubai tumepanga madaftari ya mapokezi ya miaka iliyopita. Ilikuja mtumba kutoka Japani, rangi inang'aa, kiti safi, na muuzaji akaapa kwamba betri ni nzima. Kila mtu kwenye kamati aliitaja marehemu huyo kama ushahidi kwamba umeme haufai. Mimi nilikuwepo alipougua hadi alipokata roho, na nawaambia umeme hauhusiki.

Betri ya foklifti si ile ya gari mnayoijua. Ni sanduku la chuma linalochukua nafasi yote chini ya kiti cha dereva, uzito wake karibu tani moja. Ukilifunua unakuta seli zimepangwa kwa safu, kila seli volti mbili. Ya volti 48 ina seli 24, na kila seli ina kifuniko chake kidogo cha plastiki. Chini ya kila kifuniko kuna sahani za risasi zinazotakiwa zizame kwenye asidi muda wote. Ukichaji, maji yaliyomo hupungua kidogo kidogo, kwa hiyo lazima mtu afungue vifuniko, achungulie, aongeze. Aongeze maji safi ya betri, si asidi, si maji ya bomba, na si ya kisima chetu ambacho ukipikia chai huhitaji kuweka chumvi kwenye kachumbari. Tena aongeze baada ya kuchaji, maana betri ikichajiwa maji hupanda. Ukijaza kabla, yatafurika na kutoka na asidi, itambae juu ya sanduku na kuota ule unga wa kijanikijani kwenye vichwa vya nyaya.

Kazi hiyo ilikuwa ya nani? Dereva alisema yeye ni dereva, hakusomea kemia. Fundi alisema yeye anaitwa kikiharibika kitu, na kitu kilikuwa hakijaharibika. Injinia alisema ameshatoa maelekezo kwa mdomo. Mlinzi, Mungu ambariki, ndiye pekee aliyechukua hatua: aliona vifuniko viko wazi, akamalizia humo chupa yake ya maji ya kunywa, kwa imani njema kabisa.

Halafu kuna suala la kupumzika. Betri ya namna hii inataka saa nane za kazi, saa nane za kuchajiwa na saa nane za kupoa. Kwa maneno mengine ina mkataba mzuri wa ajira kuliko mimi. Pia haitaki kukamuliwa hadi tone la mwisho; ikibaki asilimia 20 ndipo unatakiwa uirudishe kwenye chaja. Dereva wetu yeye alikuwa na kipimo chake: aliifanyisha kazi mpaka uma zikagoma kupanda, ndipo akasema, "Sasa nadhani imekwisha." Kila siku. Sahani za risasi ukizifanyia hivyo zinaota utando mgumu, na utando huo ukishakomaa hakuna chaja ya kuubembeleza. Betri inayotunzwa vizuri inatarajiwa kustahimili chaji kama 1,500, yaani miaka mitano hivi ya zamu moja kwa siku. Ya kwetu haikuona hata sikukuu ya pili ya Idi.

Na usiku? Usiku chaja huunguruma. Si kelele kubwa, ni mlio wa chini unaoendelea. Kumbe unamsumbua mlinzi usingizi, mtu aliyeajiriwa asilale. Akawa anaizima saa tano na kuiwasha kabla ya adhana, taa inang'aa, kila kitu kinaonekana kimelala kwenye chaji. Asubuhi foklifti inafika hadi katikati ya godauni na kusimama na paleti la sukari hewani. Tukalaumu umeme kukatika. Tukamlaumu Mjapani. Siri ilikuja kufichuka siku Injinia alipofika usiku kuchukua chaja ya simu aliyoisahau, akamkuta mlinzi amekoka jiko la mkaa pembeni ya betri, anachemsha kahawa. Sasa betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, na haidrojeni ikifika asilimia nne tu ya hewa inasubiri cheche. Injinia, ambaye sijawahi kumwona akikimbia hata kwenye mvua, alikimbia. Kahawa ilimwagwa nje. Mlinzi mpaka leo anaona alionewa.

Betri ilipokufa kabisa, fundi mmoja wa mtaani alituletea dawa. Volti 48, si eti? Nunueni betri nne za lori, volti 12 kila moja, unganisha, endesha. Bosi alichangamka, maana bei yake ilikuwa karibu na bei ya mbuzi wawili. Kumbe lile sanduku la tani moja halikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Foklifti inabeba mzigo mbele ya magurudumu, kwa hiyo lazima nyuma kuwe na uzito wa kuikalisha chini. Kwenye ya umeme, betri yenyewe ni sehemu ya uzito huo. Toa tani moja, weka betri nne za lori, halafu nyanyua paleti la unga: atakayenyanyuka ni dereva. Tena betri ya lori imetengenezwa kwa ajili ya kupiga stata na kupumzika, si kwa kunyonywa kutwa. Fundi alisikiliza maelezo hayo yote kwa heshima, akauliza kama tukimweka kuli akae nyuma haitatosha.

Nirudi kwenye kamati. Injinia alisema enzi za visingizio zimepita, Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, jumla megawati 2,115, umeme upo. Sikubishi. Ila umeme kuwepo Rufiji ni jambo moja, na kufika kwenye chaja yangu saa nane za usiku ni jambo jingine. Katikati hapo kuna nguzo, kuna transfoma, kuna mnazi wa jirani, na kuna mlinzi. Halafu chaja kubwa inataka fezi tatu, na waya uliopo kwenye godauni letu ulivutwa kwa ajili ya taa na feni. Feni yenyewe ikiwashwa taa zinapungua.

Kijana wa mauzo akaleta hoja ya gesi. Nje huko, alisema, foklifti nyingi za ndani zinatumia mtungi wa gesi, hazina masizi. Bosi akauliza haraka kama mtungi wa jikoni unaingia. Hauingii. Mtungi wa foklifti hulazwa nyuma ya dereva na hutoa gesi ikiwa bado kimiminika, igeuzwe kuwa mvuke huko mbele. Wa jikoni husimama na hutoa mvuke tangu juu. Ukiulaza wa jikoni hapo unatafuta habari ya kwenye redio. Na hata injini ya gesi, yenye masizi kidogo, bado inatoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu huku mwenyewe akidhani ni usingizi tu. Kwa kazi yangu na joto la mabati yale, usingizi wa alasiri ni jambo la kila siku. Nani angegundua tofauti?

Dereva akaona mwanya. Akasema za umeme zina ubaya wa kuwa kimya, makuli hawazisikii zikija. Hapo nampa haki yake, ni kweli. Ndiyo maana huko zinakotumika sana wanazifungia taa ya buluu inayopiga sakafuni mbele ili mtu aone mwanga kabla hajaona uma. Lakini kimya hicho kina ubaya mwingine ambao hakuna aliyethubutu kuutaja mbele ya Bosi. Kwa miaka yote tumezoea kumsema tukiwa nyuma ya mngurumo wa dizeli, kwa sauti kamili. Itabidi tujifunze upya kunong'ona.

Hoja yake ya pili ilikuwa na uzito zaidi: uwanja. Uwanja wetu ni udongo na kokoto, na masika yakianza ni bwawa la kambale. Zile za umeme za bei yetu zina magurudumu madogo ya mpira mgumu, yaliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya zege. Zikishuka kwenye tope zinazama hadi tumboni, na ya kuziburuza tena ni hiyo hiyo ya dizeli. Lori likija limejaa na kugoma kurudi kinyumenyume hadi mlangoni, kitu chenye matairi ya upepo na injini ya dizeli hakina mpinzani. Nilikubali kwa kichwa. Dereva alinitazama kwa mashaka, hajazoea.

Mtoto wa dada akasema kuna betri za lithiamu: hazitaki maji, hazitoi haidrojeni wakati wa kuchaji, unazichomeka hata wakati wa chai na kuendelea. Alipoulizwa bei akaitaja. Bosi akavua miwani, akaanza kuisafisha kwa kanzu taratibu sana. Wanaomjua wakageuza ukurasa.

Hapo ndipo nilipoomba neno. Nikasema, wazee, mimi sina kikokotoo wala sikusoma China. Nina katoni za majani ya chai zilizorudishwa na mteja. Majani ya chai hunyonya harufu yoyote inayopita jirani, na hizi zilikaa safu ya kwanza karibu na mlango. Nikaiweka moja mezani, nikaifungua. Harufu ya dizeli ikapanda, na wajumbe wakatazama vikombe vyao vilivyokuwa nusu. (Hayo ya kwenye birika yalikuwa mengine, lakini sikuona haja ya kuwaambia.) Nikaongeza kwamba mwaka 2012 watafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi moja na sigara, lile la vitu vinavyosababisha saratani bila ubishi. Kuhusu saratani walisema pole. Kuhusu katoni, Mama Uhasibu aliuliza mara mbili ni ngapi, na ni nani aliyesaini kuzipokea zikirudi.

Uamuzi ukapatikana kabla maandazi hayajaisha. Inanunuliwa ya umeme, mpya, betri ya kawaida ya risasi, kwa ajili ya ndani. Ya dizeli haiuzwi. Itabaki nje, na sakafuni mlangoni utachorwa mstari wa njano ambao ni marufuku kuuvuka. Dereva atakuwa nazo zote mbili. Aliupokea uamuzi kwa utulivu wa kushangaza, hasa aliposikia kwamba ya dizeli inaendelea kupewa mafuta kwa kiwango kile kile.

Mstari umeshachorwa. Foklifti ya dizeli huja ikasimama juu yake barabara, uma ndani, magurudumu nje, na bomba la moshi, ambalo kwenye mashine ile liko nyuma, likitazama uwanjani kama inavyotakiwa. Isipokuwa mvua ikinyesha. Mvua ikinyesha dereva anaigeuza, asilowe.

Barua ya mgawanyo wa majukumu imebandikwa Ijumaa ubaoni. Injinia: usimamizi wa mradi, na posho yake. Mama Uhasibu: manunuzi. Mtoto wa dada: mawasiliano na mtengenezaji, pamoja na safari moja ya mafunzo. Fundi: waya wa fezi tatu na feni ya kutolea hewa kwenye chumba cha chaja. Mlinzi: kutogusa. Namba ya mwisho, chini kabisa, karibu na muhuri: kukagua na kuongeza maji ya betri kila wiki, seli zote 24, mtunza ghala. Kwenye safu ya posho wamepiga mstari.

Nimekwenda kuuliza kama maji yenyewe ya betri yatanunuliwa au nayo nijitegemee. Mama Uhasibu amesema niombe kwa maandishi, nakala tatu, nieleze ni ya matumizi gani.